Mawe ya Mimba

Sehemu ya sita

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo si mengi na ndiyo maana nayaheshimu: hakuna neno la uongo katika habari hii. Asiyeamini apande pikipiki Baraka, aje kijijini kwetu kabla ya kufika Swima, aulizie nyumba ya Anatole, dereva wa greda mstaafu. Ataonyeshwa upesi. Ni ile inayosimama juu ya miti kama kuku anayeogopa maji.

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita, au waliofungiwa ndagala, dagaa wetu, nalo kabla ya kulisoma: akina mama wa kwetu, wakiongozwa na Mama Pulchérie mzalishaji, walibeba mawe kichwani kutoka ufukweni kiangazi chote. Walitaka ijengwe maternite, nyumba ya kuzalia, kwa sababu mjamzito wa kwetu huvuka kijito kwa mguu ili akazalie mbali, na mvua ikinyesha kijito hakivukiki. Kanisa likatoa saruji. Mawe yakawa kilima kando ya barabara.

Ndipo akaja Mheshimiwa Wilfried, mbunge wetu wa jimbo, kwa likizo ya bunge, kutusalimia sisi wapiga kura wake, ambao anatuita "baze". Akapanda juu ya kile kilima na buti mpya, akawaambia wapiga picha: "Haya ndiyo mawe niliyowaletea watu wangu."

Nikatapika. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, ndugu msomaji.

Wengine wameniuliza kama maneno tu yanaweza kumtapisha mtu. Maneno yalikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja. Nilimwona akila sombe, kisamvu chetu, mbele ya kamera, akitikisa kichwa kwa utamu, halafu kamera ilipogeuka akaitema kwenye kitambaa na kumpa dereva wake akitupe. Nilimwona akimbusu mtoto wa watu shavuni, kisha akijifuta midomo kwa mkono wa shati kama aliyebusu sabuni.

Nilipomaliza kutapika akanivuta nyuma ya gari lake.

"Muzee Anatole, weye njo unajua kusema na bantu. Nakuweka mwakilishi wa baze."

Akanivalisha kofia yenye sura yake. Kwenye kofia alikuwa mwembamba.

"Mwakilishi anafanya kazi gani, Mheshimiwa?"

"Anapiga makofi wa kwanza. Na anaeleza bengine."

"Leo nieleze nini?"

Akapunguza sauti. Marashi yake yalinifika kabla ya maneno. "Ile mawe. Kesho Fuso itakuya kuibeba, inaenda Baraka. Niko nainua ukuta wa villa yangu. Utaambia bamama kama jimbo njo imeiomba, ju ya kuipima."

"Kuipima?"

"Kuona kama iko na nguvu."

Ndugu msomaji, nina mjukuu nyumbani, Merveille. Mume wake yuko migodini, na tumbo lake wakati huo lilikuwa limeshuka mpaka haoni tena vidole vya miguu. Maternite ile ilikuwa yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Nilimtazama yule mtu na buti zake.

Mwingine angepiga kelele. Mwingine angeita akina mama. Mimi Mungu alininyima ngumi akanipa mdomo.

"Sawa, Mheshimiwa," nikasema. "Lakini utaibeba na mikono ya nani?"

"Namna gani?"

"Hawakukuambia? Ile si mawe ya bure. Ile ni mawe ya mimba."

Akacheka. Nikamwacha acheke hadi mwisho, kwa sababu kicheko kikiisha chenyewe huacha nafasi nzuri.

"Kila mama akiokota jiwe, aliitemea mate, akaiambia: kamata uchungu wangu. Uchungu ya bamama ya huku yote iko ndani. Mwanamuke akiijengea, haina neno. Lakini mwanaume! Kule Kalemie kulikuwa mutu mumoja, muchuuzi wa chumvi, na ndevu zake. Alikamata jiwe moja tu, ya kunolea kisu. Mwezi wa kwanza akachukia harufu ya samaki, ya migebuka. Mwezi wa pili akaanza kula udongo. Mwezi wa tatu akaita muke wake: 'Georgette, weka sikio hapa. Iko inacheza.'"

Mheshimiwa alikuwa ameshaweka mkono juu ya tumbo lake, ambalo halikuwa dogo.

"Huyo mutu, mwisho wake ilikuwa nini?"

"Alizaa."

"Alizaa nini?"

"Kokoto."

Mheshimiwa akaingia garini. Kabla ya kufunga mlango akanyoosha kidole. "Muzee, nikijua umenicheza, Fuso inarudi siku ile ile. Na haitabeba mawe tu. Itabeba na ile saruji."

Njiani kuelekea Baraka, dereva wake alinihadithia baadaye, walisimama mara nyingi, na kila mara Mheshimiwa aliingia kwenye mihogo ya watu akishika tumbo. Mimi naona ni ile migebuka ya kukaanga aliyokula kwa siri, baada ya kutema sombe yetu. Yeye aliona mengine. Dereva akawaambia watu wa pikipiki, watu wa pikipiki wakaambia pwani nzima, na mtangazaji mmoja wa redio akauliza kwa sauti nzito kama sayansi ina jibu.

Fuso haikuja. Nilitembea kijijini kama mtu aliyeua chui.

Nilifurahi mapema.

Jumatatu akaja fundi Ramazani na waashi wake kuanza msingi. Ramazani ni mtoto wa pwani ya Baraka, mwashi ambaye ukuta wake ukiupiga bega, bega ndilo linaomba msamaha. Alisimama mbele ya mawe. Akalitazama jiwe la juu. Akauweka mwiko wake chini taratibu.

"Muzee Anatole, yule wa Kalemie alishika ngapi?"

"Moja."

"Mi nashika asubui mpaka magaribi."

"Ramazani! Weye mutu mukubwa!"

"Njo sababu. Mutoto akivimba tumbo banasema ni minyoo. Mi banasema nini, kule musikiti?"

Waashi wake walikuwa wameshakunja mifuko ya zana. Niliwaita, nikawakimbilia, nikawaambia jambo lile huwapata wafanyabiashara wa chumvi peke yao. Walizidisha mwendo.

Mama Pulchérie hakuogopa mawe. Huyo huogopa damu isiyokatika na kingine hakuna. Alikusanya wenzake wakajaribu kujenga wenyewe. Ukuta ulisimama hadi saa ya kupika, halafu ukalala kwa upole. Na huku mawingu yakaanza kurundikana kule juu, upande wa Bibokoboko, na saruji iliyokuwa kwenye sakristia ya kanisa ikaanza kushika unyevu. Mama Pulchérie alikuwa akiingia kila siku kuibonyeza mifuko kwa kidole. Kila siku kidole kiliingia pungufu ya jana, hadi mifuko ya chini ikaganda kabisa.

Merveille naye akaanza kushika kiuno akiinuka.

Basi nikaenda kwa Mama Pulchérie kusema kweli. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Mama, ile habari ya mawe ni bongo, ni uongo. Niliibuni mimi."

Hakuinua macho. "Alikupa nini?"

"Nani?"

"Yule iko juu ya kichwa yako."

Nikashika kichwa. Kofia! Nilikuwa nimeizoea, inakinga jua vizuri. Niliivua, lakini mchele ulikuwa umeshaacha kuruka kwenye ungo.

"Juzi mawe iko na mimba," akasema, "na Fuso haikuye. Leo mawe iko muzima, na weye uko na kofia. Kesho Fuso inakuya. Muzee, mi si mutoto. Amekununua useme mawe iko muzima ili aibebe."

"Mama Pulchérie, naapa..."

"Usiape kwangu! Kwangu bantu banazaliwa!"

Akanitemea mate karibu na mguu. Si juu ya mguu. Karibu. Hiyo ni heshima ya umri wangu, na ndiyo iliyobaki.

Kufika jioni nikaitwa lubunga. Msomaji wa mbali ajue: lubunga ni ile nyumba yetu isiyo na kuta, ambapo wanaume wa kijiji hula pamoja na kuhukumiana. Chakula na kesi ni mahali pamoja, kwa hiyo ukishitakiwa unaona wenzako wanatafuna huku wanakufikiria. Mkubwa wa lubunga yetu ni Muzee Bonaventure, mtu asiyekosea sehemu ya nyama inayomfaa, hata mbuzi akiwa bado anatembea.

Wanaume walikaa ndani. Akina mama walisimama nje, kwa kuwa ndiyo desturi, na kwa kuwa nje ndiko wanakosikia vizuri zaidi. Ramazani alikuwepo kama shahidi.

"Anatole," akasema Bonaventure, "banasema Mheshimiwa amekununua."

"Hapana, Muzee. Mi niliongopa tu."

Kicheko kiliinua majivu kwenye moto.

"Anatole anakuya kutuambia anaongopa!" Bonaventure alijifuta macho. "Siku zote unaapa kama unasema kweli, na hatukuamini. Leo unaapa kama uliongopa. Tukuamini na nini?"

Nilifungua mdomo niape tena.

Ndipo sauti ikatoka nje, kati ya akina mama.

"Muulizeni koko yangu, Anatole: yule mutu wa Kalemie, muke wake anaitwa nani."

Ni Merveille. Alikuwa ameegemea nguzo, mikono chini ya tumbo kama anayebeba kikapu.

"Georgette," akajibu Ramazani, ambaye habari ilimwingia vizuri.

"Ee. Georgette. Mi nikiwa mudogo, koko alinikataza kukalia kinu. Aliniambia kule Kalemie kulikuwa mutu alikalia kinu. Mwezi wa kwanza akachukia migebuka. Mwezi wa pili akala udongo."

Mtu wa nyuma akapiga paja. "Ngoja kwanza! Mi aliniambia ilikuwa baiskeli! Nilimwomba baiskeli yake, akaniambia yule wa Kalemie aliazima baiskeli ya mutu!"

"Mi ilikuwa nyavu!" akasema mwingine.

Bonaventure alikuwa ameshika mfupa hewani. Uso wake ulibadilika polepole. "Anatole. Ile siku ya kifua ya mbuzi. Uliniambia nikikula kifua peke yangu..."

Hakumalizia. Walimalizia wao, lubunga nzima kwa pamoja, kama wimbo wa kanisa: "Georgette, weka sikio hapa! Iko inacheza!"

Walicheka hadi mmoja akaanguka na kigoda chake. Nami nikacheka, ndugu msomaji. Nilishikwa na utamu wa kusikia hadithi yangu mwenyewe ikiimbwa na watu wengi.

Mama Pulchérie hakucheka. Aliingia. Mwanamke kuingia lubunga watu wakila, hilo sijaliona tangu nizaliwe. Alisimama mbele yangu akafungua kitambaa cha kichwa, akainama. Utosini, mahali pa kuwekea mzigo, nywele zilikuwa zimekwisha. Ngozi ilikuwa inang'aa kama sahani.

"Angalieni. Hii njo kazi ya kiangazi. Yule Mheshimiwa alipanda juu ya mawe yetu na buti. Huyu Anatole yeye alipanda na mudomo. Bote babili banasimama juu ya kichwa yangu."

"Mama, nilikuwa nailinda mawe..."

"Umeilinda mpaka hakuna mutu anaishika! Hata yule wa Fuso angetuachia kokoto ya chini."

Nilitazama kile kiraka cha utosi na nikajichukia kuliko nilivyomchukia mwenye buti. Yeye angalau sombe aliitema. Mimi niliimeza ya watu hawa miaka yote.

Ramazani akakohoa. "Mi naona sasa ni bongo. Kichwa yangu imeona. Lakini mikono, Muzee Bonaventure, mikono bado. Waashi wangu nao bamesikia redio. Hatutashika ile."

Bonaventure alitafuna, akafikiri, akatafuna.

"Nani huku iko na nyumba ya musingi wa mawe?"

Wote wakanigeukia.

Nyumba yangu, ndugu msomaji! Ni ya matofali kama ya wengine, lakini chini yake ina mawe hadi kwenye madirisha. Niliyaleta na greda, siku nilizokuwa na ujana na mafuta ya dizeli. Katika kijiji kizima ni nyumba hiyo tu ambayo maji ya mvua huizunguka badala ya kuingia.

"Ile mawe ya Anatole haina hadisi," akasema Bonaventure. "Fundi Ramazani, unaweza kuishika?"

"Naishika hata na usingizi."

"Basi. Musingi ya Anatole inaenda kwenye maternite. Ile mawe ya mimba inaenda chini ya Anatole, na yeye mwenyewe njo ataipanga, moja moja, batu bote baone kama atavimba. Na weye Anatole sikia vizuri. Siku utasema tena, mbele ya mutu yeyote, kama ile mawe iko na mimba, tunakamata na mabati ya nyumba yako."

Waliitegemeza nyumba kwa miti ya mikaratusi, wakaanza kuchomoa. Kila jiwe lililotoka lilitoa sauti kama jino. Merveille alikataa kutoka ndani. Alisema amechoka, na nyumba ikianguka ataanguka nayo akiwa amelala. Mimi nilikuwa nabeba mawe ya akina mama kutoka barabarani, nikiyakumbatia tumboni, nikiyamwaga kwenye mlango wangu. Akina mama wakipita na ndoo waliniuliza kwa adabu kubwa: "Muzee, iko inacheza?"

Ramazani akachimba msingi kwenye kiwanja cha maternite. Saruji ya juu bado ilikuwa nzuri. Kama mvua ingengoja kidogo.

Mvua ilingoja. Aliyekuja ni Mheshimiwa.

Gari lake lilisimama mbele ya nyumba yangu, maana ndipo barabara inapokuwa pana. Wapiga picha walishuka kwanza, kisha bango la bati lililoandikwa kwa rangi ya samawati MATERNITE MHESHIMIWA WILFRIED, kisha yeye mwenyewe na suti ya kijani na kipaza sauti, mikro kwa lugha ya kwetu.

"Baze yangu!" akapaza. "Nilisikia kama batu ya ushirikina banazuia maendeleo yenu! Nimeacha kazi zote Bukavu, nimekuya mwenyewe kuweka jiwe la kwanza!"

Akina mama hawakupiga makofi. Walimtazama kama mtu anayetazama nzi kwenye maziwa, akifikiria kama amwage au amchomoe.

Kamera zikawa tayari. Kiwanja cha maternite kilikuwa mbali kidogo na kina tope. Mheshimiwa akatazama tope, akatazama viatu vyake, akaona rundo kwenye mlango wangu. Akainama, akachagua jiwe zuri la duara, akalinyanyua na kulikumbatia juu ya suti. Tumbo kwa jiwe. Wapiga picha wakapiga.

Kijiji kizima kikavuta pumzi.

Alisikia. Tabasamu likabaki midomoni lakini macho yakaanza kuzunguka hadi yakanipata.

"Muzee Anatole! Mwakilishi wangu! Hii jiwe ni ya nyumba yako, hapana? Iko musafi?" Akanielekezea kipaza sauti. "Ambia baze. Ile habari ya mimba ilikuwa ya kucheka tu, si vile?"

Hapo ndipo nilipoiona. Nyuma ya gari lake, kwenye kona, chini ya mwembe wa watu: Fuso. Tupu. Injini inanguruma. Vijana wanne wamekaa kwenye bodi, makoleo mapajani.

Nikisema jiwe ni safi, Mheshimiwa atajua nilimcheza. Fuso itasogea mbele hatua chache, itapakia mawe ya mlangoni kwangu, halafu yale ya maternite, halafu saruji. Nikisema si safi, lubunga yote imesimama hapa, Bonaventure mbele kabisa, na mkono wake umeshapandishwa kama mtu anayesubiri kuhesabu mabati.

Nikamtazama Mama Pulchérie. Hakuwa na kitambaa. Tangu siku ile ya lubunga hakukifunga tena, aliwaacha watu waone. Naye alikuwa ameiona Fuso. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa.

Nikasogea kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ikaenda hadi ziwani ikarudi, "weka sikio hapo. Iko inacheza."

Jiwe lilianguka. Lilipita karibu sana na kidole chake cha mguu, na sitasema nilitaka lipite wapi. Mheshimiwa alishika tumbo kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga gari, akaingia kwa mlango wa dereva, dereva akiwa bado ndani. Bango likabaki limeegemezwa ukutani kwangu. Fuso ikageuka kwa shida, ikamfuata, tupu kama ilivyokuja.

Nilisubiri shangwe.

"Bote bamesikia?" akauliza Bonaventure.

"Tumesikia."

"Amesema mawe iko na mimba?"

"Amesema. Na mikro."

"Muzee Bonaventure," nikasema, "umeiona ile Fuso na macho yako!"

"Niliiona. Asante sana, Anatole." Akageukia vijana. "Mupande. Mutoe mabati. Maternite nayo inaomba paa."

Mama Pulchérie mwenyewe ndiye aliyewaletea ngazi. Aliponipita alinishika bega, mara moja, kwa nguvu, halafu akaiegemeza ngazi kwenye ukuta wangu usio na msingi.

Nikasikia msumari wa kwanza ukitoka. Bati likainuliwa, na shimo likafunguka pale pale juu ya kitanda changu. Tone la kwanza la mvua likaingia, kisha mengine, kama wageni walioalikwa tangu zamani.

Ndani, chini ya lile shimo, Merveille akaita.

"Koko," akasema, "waambie bashuke. Hapana. Waambie bamuache Mama Pulchérie aingie. Leo njo leo."